Mwaka Tulioyafuta Makabati ya Shangazi

Zuhura alinikuta jikoni. Uani waombolezaji walikuwa wanakula, wanaume wamejipanga kwenye kivuli cha ukuta, na mimi nilikuwa nimeingia ndani kwa kisingizio cha kutafuta sahani. Alikuwa ametoka Nduguti asubuhi ileile na mtandio wake ulikuwa bado na vumbi la njia. Tulikuwa hatujaonana miaka mingi, lakini hakuanza na salamu wala pole. Alisimama mbele ya makabati, akapitisha kiganja juu ya mlango mmoja, akakinusa kiganja chake, akasema, "Naomi, bado yanateleza." Hapo ndipo nilipolia, kwa mara ya kwanza tangu tumzike shangazi Elinema. Makaburini watu walikuwa wamemsifu kwa mengi, kwa maandazi yake, kwa sauti yake kwenye kwaya, kwa namna alivyompokea kila mgeni kana kwamba alikuwa anamsubiri yeye tu. Hakuna aliyeutaja mwaka ninaotaka kuueleza hapa. Wangeutajaje? Walioushuhudia tulikuwa wachache, na sasa tumebaki sisi wawili, bibi wawili wenye magoti mabovu, tumesimama jikoni tunapapasa mbao.

Nilikwenda kukaa kwa shangazi, mtaani Mandewa, Singida, baada ya matokeo ya kidato cha nne, ambayo nitasema tu kwamba hayakunipeleka popote. Baba aliona ni heri nimsaidie dada yake, aliyekuwa amefiwa na mume, kuliko kubaki kijijini kwetu Kinyangiri nikifukuza mbuzi kwenye mtama. "Mpaka alizeti ivunwe," alisema. "Baada ya hapo utarudi nyumbani, tutaona." Hiyo "tutaona" ya baba niliijua vizuri. Maana yake ilikuwa kwamba yeye ameshaona, na wengine tutaambiwa. Kwa hiyo niliingia kwenye nyumba ile kama mtu aliyekaa kituoni, sifungui begi lote, nguo nyingine naziacha humohumo zikiwa zimekunjwa.

Shangazi aliishi kwa kukaanga. Asubuhi maandazi, mchana kuku, na siku za Jumamosi sambusa za watu wenye sherehe. Alikaangia ndani, mlango umefungwa na dirisha limefungwa, kwa sababu upepo wa Singida hauna adabu. Ukiacha upenyo hata wa kidole utakuta mchanga ndani ya karai. Mafuta yalikuwa ya alizeti, yale yanayotoka mashineni bado mazito na yenye harufu ya shamba. Moshi wake haukuwa na pa kwenda. Ulipanda, ukagonga dari, ukashuka taratibu ukakaa juu ya makabati. Na makabati yalikuwa mengi, ukuta mzima, ya juu na ya chini, kitu ambacho siku zile hukukiona katika nyumba nyingi za mtaa ule. Mume wake, marehemu mzee Daudi, alikuwa seremala na aliyatengeneza kwa mkono wake. Lakini mimi nilipofika sikuona useremala wowote. Niliona kitu cha rangi ya sukari iliyoungua, kinachonata kama ulimbo wa kunasia ndege. Ukifungua mlango unasikia unaachia kwa sauti, kama mtu anayevua kandambili kwenye tope. Kwenye kabati la katikati kulikuwa na unyoya wa kuku umeganda humo, na hakuna aliyejua ulikuwa wa kuku gani.

Siku yangu ya pili nilichukua kitambaa nikaanza kufuta. Shangazi alikuwa anachambua mchicha. Hakupandisha sauti. "Acha hayo, mwanangu," alisema, na baada ya muda kidogo akaongeza kwa Kinyiramba, lugha ambayo aliitumia alipokuwa amechoka au alipokaribia kulia, kwamba hayo ni ya mwenyewe. Nikaacha. Sasa nikiwa na umri unaozidi ule aliokuwa nao yeye wakati ule, nami nimeshafiwa, ninaelewa kidogo. Alikuwa anafagia nyumba mara mbili kwa siku. Sufuria zake ungeweza kujitazama ndani. Lakini makabati aliyapita kama unavyompita mtu ambaye mmegombana naye, uso umeugeuzia pembeni, na kila siku moshi ukaongeza tabaka lake.

Mvua zilipokuwa zinaelekea kuisha, alikuja mtu wa kununua nyumba. Sikuwa nimeambiwa. Nilikuwa stoo, chumba kidogo kilichopakana na jiko, nachagua vitunguu vilivyooza, na ukuta ule haukuficha neno. Kwanza nilimsikia shangazi akieleza kwamba mwanae Samweli, aliyekuwa anafanya kazi Mwanza, anataka ahamie kwake, na kwamba nyumba ni kubwa kwa mtu mmoja. Halafu nikasikia viatu vya mwanamume vikiingia jikoni. Kulikuwa na mwanamke pia, mkewe, kwa sababu nilisikia bangili.

"Nyumba ni nzuri, mama," alisema yule mwanamume. "Msingi ni imara. Ila jiko hili itabidi tulifumue."

"Makabati ni ya mninga," shangazi alisema.

"Mninga?" Nikasikia mlango ukiachia kwa ile sauti yake ya tope. "Labda zamani. Haya sasa ni kuni. Mafundi watayapikia uji."

Hakusema kwa ubaya. Nadhani hata alicheka kidogo, kama mtu anayetarajia mwenziwe acheke naye. Wale wageni waliaga kwa heshima zote wakaahidi kurudi baada ya mavuno. Nilipotoka stoo nilimkuta amesimama palepale, karai liko mkononi. Akaniuliza kama kuna sabuni ya unga. Nikasema ipo kidogo. "Chemsha maji," alisema. "Ayavunje akitaka. Mimi nataka kuyaona kwanza."

Hivyo ndivyo tulivyoanza, na tulianza vibaya. Kwanza tulitumia majivu, kama ya kusugulia masufuria, na majivu yalichora mikwaruzo bila kutoa kitu. Maji ya moto na sabuni yalitoa maji ya rangi ya chai, tukafurahi, lakini yalipokauka makabati yalikuwa yananata vilevile, tena kwa madoamadoa. Zuhura, binti wa nyumba ya pili, aliyekuwa rika langu na mwenye maneno kuliko redio, alisimama mlangoni akasema kwamba kwao mafuta sugu yanaogopa magadi. Shangazi akasema magadi anayo, ya kulainishia maharage. Akayaponda, akayakoroga kwenye maji ya moto, akaupaka mlango mzima wa kabati la chini, tukaenda kunywa chai. Tuliporudi mafuta yalikuwa yanatiririka yenyewe kama uji, na sisi tukapiga vigelegele. Halafu shangazi akapitisha kitambaa. Chini ya mafuta mbao ilikuwa nyeusi. Haikuwa nyeusi ya uchafu. Magadi yalikuwa yameingia ndani ya mti wenyewe na kuugeuza rangi, kama mguu wa mtu aliyekanyaga wino.

Zuhura alianza kurudi nyuma kuelekea mlangoni. Mimi nilimtazama shangazi usoni nikijua kwamba sasa ndipo atakapolia, na kwamba tutakuwa tumemliza sisi. Akainamia ule mlango, akautazama, akasema, "Daudi angeniua leo." Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini sakafuni, amejishika mbavu, machozi yanamtoka, na sisi tukiwa bado hatujui kama tunaruhusiwa kucheka. "Alinikataza nisiweke hata kikombe chenye maji," alisema akipata pumzi. "Hata kikombe! Na mimi nimempikia mlango wake kama maharage!" Kilikuwa kicheko cha kwanza nilichokisikia katika nyumba ile. Kesho yake alitaja jina la mume wake tena, akinisimulia jinsi alivyokuwa anapenda ukoko wa ugali wa uwele, na keshokutwa yake tena, na tangu hapo mzee Daudi akawa mtu anayezungumzwa wakati wa kula.

Dawa yenyewe tuliipata kwa ajili ya mikono. Kila jioni vidole vyetu vilikuwa vinanata, na sabuni haikusaidia. Shangazi alikumbuka walivyokuwa wakifanya utotoni walipotoka kutega ndege: ulimbo hautoki kwa maji, unatoka kwa mafuta. Akatumiminia alizeti kidogo viganjani, tukasugua, tukaosha kwa sabuni, mikono ikawa safi. Tukatazamana, sote watatu. Zuhura ndiye aliyesema kwa sauti. "Kwani na yale ya makabatini si ulimbo?"

Basi tukajifunza kazi. Unapaka mafuta mapya, yaliyopashwa moto kidogo, juu ya yale ya zamani, na unayaacha mpaka birika lichemke. Unafuta kwa fulana iliyochakaa, na fulana inaondoka na ule ugando kama ngozi ya maziwa. Kisha maji ya moto yenye sabuni, kitambaa kimekamuliwa sana kwa sababu mbao haipendi kuoga, na unafuta kwa kufuata mishipa ya mti, usikate kwa upande. Kwenye pembe na bawaba unaingia na mswaki mzee. Mwisho maji yenye siki kidogo, kuondoa utando wa sabuni, na papo hapo unakausha. Ule mlango mweusi tuliusugulia ndimu siku kadhaa. Weusi ulipungua, haukuisha, na shangazi alitukataza kuhangaika nao tena. Nimewafundisha wanangu na wanafunzi wangu wa ufundi njia hiyo. Siku hizi madukani kuna chupa za kupuliza zenye picha ya jiko la Ulaya, nazo zinafanya kazi, sikatai. Lakini zinamaliza kazi haraka mno. Kwetu ilituchukua wiki nyingi, kipande kwa kipande, baada ya maandazi na kabla ya kuku, dirisha tukiwa tumelifungua na kulitundikia kanga iliyolowa ili izuie mchanga, na katika wiki hizo watu watatu walizungumza mambo ambayo wasingezungumza wakiwa wamekaa tu kwenye viti.

Mti ulipoanza kutokea, ulikuwa mwekundu wenye michirizi ya dhahabu. Nilikuwa nimeona mninga maisha yangu yote, milango ya kanisa, vitanda, lakini sikuwahi kuuona ukizaliwa chini ya mkono wangu. Siku moja nilichomoa droo ili nisafishe ubavu wake, nikakuta pembe zake hazina msumari. Mbao mbili zilikuwa zimeingiliana kama vidole vya mtu anayeomba. Nilivuta, hazikuachia. Nilikaa na ile droo mapajani muda mrefu mpaka shangazi akaniuliza kama nimeumwa na nge. "Alifanyaje hapa?" niliuliza. Hakujua. "Muulize baba yake Zuhura," alisema. "Walikuwa wanafanya kazi pamoja."

Mzee Salum alikuwa na karakana ndogo ya mabati nyuma ya nyumba yao. Nilimwamkia, "Shikamoo," akaitikia "Marahaba" bila kuinua macho kutoka kwenye randa yake, nikamwonyesha droo nyingine, ambayo sakafu yake ilikuwa imeoza na kiungo kimoja kimevunjika. Alidhani nimeletwa na shangazi ili aitengeneze. Nikamwambia nataka kuitengeneza mimi. Hapo akainua macho. Zuhura, aliyekuwa nyuma yangu, akasema, "Mfundishe, baba, mimi unajua nilikataa." Mzee akanitazama mikono. Akasema patasi haitaki nguvu, inataka subira, na kwamba kipande cha kwanza nitakiharibu, cha pili pia, na nisije nikalia mbele yake. Niliharibu kadhaa. Sikulia, ingawa nilikaribia. Shangazi alifungua sanduku la vifaa la marehemu, lililokuwa chini ya kitanda chake limefunikwa kwa shuka, akanitolea patasi ambayo mpini wake ulikuwa umelainika kwa jasho la mkono mmoja. Hakutoa hotuba. Alisema tu, "Usiiache kwenye maji."

Alizeti ilivunwa. Yule mnunuzi hakuja; alikuja mkewe, peke yake, bangili zikimtangulia mlangoni. Alisema mume wake amesafiri na amemwomba apite kuangalia tena vipimo. Shangazi akampeleka jikoni. Mimi nilikuwa nakaanga, kwa hiyo safari hii sikuhitaji ukuta wa kusikilizia. Yule mama aliingia, akasimama. Dirisha lilikuwa wazi na mwanga wa asubuhi ulikuwa umelala juu ya milango yote ya ukuta ule. Alifungua kabati moja, likafunguka bila sauti. Akalifunga. Akafungua tena.

"Mama Samweli," alisema polepole, "unahama kwa nini?"

Shangazi alifungua mdomo. Nilimwona akitafuta jibu, kama mtu anayejipapasa mfukoni akitafuta funguo alizokuwa nazo sasa hivi. "Nilikuwa na sababu," alisema. "Hata juzi nilikuwa nayo." Wakatazamana, wakacheka wote wawili. Yule mama alikunywa chai, akala maandazi, akaondoka na kapu la maandazi mengine, na miaka mingi baadaye alikuwa bado mteja. Samweli alikasirika kidogo kwa simu ya jirani. Alipokuja Krismasi akakuta mama yake anaimba jikoni, hakulizungumza tena.

Baba alikuja mavuno yalipokwisha, na jogoo chini ya kwapa, kunichukua. Nilimwamkia, nikampokea jogoo, nikaenda kuchemsha maji. Nilikuwa nimeshasikia kutoka kwa Mzee Salum kwamba chuo cha ufundi mjini kinapokea wanafunzi wa useremala mwanzoni mwa mwaka, na kwamba hakuna sheria inayomkataza msichana, ila hakuna msichana aliyewahi kuomba. Nilikuwa nimemwambia shangazi. Sikuwa na ujasiri wa kumwambia baba.

Walizungumzia jikoni, maana shangazi alimwalika ale humo. Alimwandalia ugali na mlenda na kipaja cha kuku, akamwacha ashibe kwanza.

"Yona," alisema, naye tu ndiye aliyemwita baba kwa jina bila kitu mbele, "umekuja kufanya nini?"

"Kumchukua mtoto, dada. Tulisema mpaka mavuno."

"Jogoo wako ukitaka mchukue. Mtoto anaanza chuo."

"Chuo gani?"

"Cha useremala."

Baba aliweka kipaja chini. Alinitazama mimi, akamtazama dada yake, akatazama dari. "Useremala," alisema. "Msichana. Na nani atamwoa fundi seremala, dada?"

"Mwenye akili," shangazi alisema. "Vuta droo hiyo iliyo karibu yako."

Akavuta. Ilikuwa ile ya sakafu iliyooza, niliyoiwekea mbao mpya na kiungo kipya, na nilijua kila kasoro yake. Ilitoka kwa ulaini, ikasimama. Akaisukuma, ikarudi. Akavuta tena, akainama akapitisha kidole pembeni, mahali vidole vya mbao vinapoingiliana, akatafuta msumari, hakuuona. Baba yangu alikuwa mtu wa jembe na ng'ombe, lakini alitengeneza mipini yake mwenyewe na alijua mti unavyobisha. Aliifungua na kuifunga droo ile mara nyingi kuliko ilivyohitajika, mlenda ukipoa mbele yake.

"Hii umeifanya wewe?" aliniuliza.

"Ndiyo, baba."

"Salum amekusaidia?"

"Amenielekeza. Mikono ni yangu."

Akavuta sahani yake, akamega tonge. "Haya," alisema. "Tutaona." Na mimi, niliyeijua "tutaona" yake tangu utotoni, nilisikia safari hii kwamba kweli hajaona bado, na kwamba yuko tayari kusubiri aone.

Nilianza chuo Januari. Nilikuwa msichana pekee katika karakana, na wenzangu walinificha misumeno wiki za mwanzo mpaka walipochoka. Likizo ya kwanza nilirudi Mandewa nimebeba kichwani kitu cha kwanza nilichokitengeneza kuanzia ubao mpaka vanishi: kigoda cha miguu minne. Jua lilikuwa kali na watu njiani waliniuliza nakiuza wapi. Nilipofika shangazi alikuwa jikoni na beseni la vitunguu. Hakunikumbatia, alinipokonya kigoda, akakiweka chini, akakikalia, akaanza kumenya. Kiliyumba. Alipoegemea kulia kiligonga sakafu, tok, alipoegemea kushoto, tok. Nilitamani kufa. Nilipiga magoti nikamwambia ainuke, mguu mmoja ni mfupi, nitaikata mingine ilingane nao, ni kazi ndogo tu.

"Niache," alisema, kisu kikiendelea. "Hiki ni changu, nimekizoea. Wewe nenda katengeneze kingine."